Mwalimu wa Kuachia

Ukifika Buyenzi leo ukauliza habari za Mawazo, fundi wa gia, utapata majibu mawili, na yote utapewa kabla hujamaliza kuuliza. Wa kwanza atakuambia kwamba Bujumbura haijapata mwalimu wa jujitsu kama yule. Wa pili atatema mate chini na kusema kwamba ndiye aliyemuua Divin, ingawa siku Divin anakufa Mawazo alikuwa amelala chini ya lori akifungua sanduku la gia, na miguu yake sote tuliiona. Mimi naitwa Sijaona, na tangu utotoni watu wananitania kwa jina hilo, maana hakuna kinachonipita. Miaka yote ya vita nilikuwa nauza chai ya maziwa na chapati mbele ya gereji ile. Kwa hiyo kaa, nikueleze, halafu utahukumu mwenyewe.

Mawazo alitoka Uvira, ng'ambo ya mpaka, akiwa bado kijana, na sanduku la spana na kimono moja ya mazoezi iliyokwisha kupata rangi ya chai. Jujitsu alijifunza Bukavu kwa bruda mmoja Mbelgiji aliyewafundisha vijana wa parokia. Kama hujui mchezo huo, ni wa kukamatana: hakuna ngumi, hakuna teke, ni kumwangusha mtu, kumbana chini, kumpinda mkono au kumkaba shingo mpaka akubali kushindwa. Adolphe, mwenye gereji, alimpa uwanja wa nyuma. Mawazo akaomba maranda kwa maseremala, akayamwaga pale, akatandika turubai juu yake na kuibana pembeni kwa matairi makuukuu. Kila alasiri, watu wakitoka msikitini, yeye alinawa grisi, akavaa kimono yake, na vijana wakaanza kuingia.

Sasa usifikiri alipendwa. Mtaani walimwita Mwalimu wa Kuanguka, kwa sababu mwezi wa kwanza wote hukufundishwa kitu kingine. Unaanguka kwa mgongo, unaanguka kwa ubavu, unainuka, unaanguka tena. Vijana waliokuja wakitaka kuwa simba walichoka haraka wakaenda zao. Waliobaki walifundishwa jambo la pili, nalo lilikuwa la ajabu zaidi: kabla hujaonyeshwa namna ya kumkaba mtu, ulionyeshwa namna ya kumwachia.

Ilikuwa hivi. Aliyezidiwa hugonga mara mbili, kwa kiganja, popote anapofika: mkononi mwa mwenzake, mgongoni, hata chini. Akigonga, unaachia papo hapo. Kisha unampa mkono ainuke. Hiyo ndiyo iliyokuwa sheria ya Mawazo, na hakuwa na nyingine. Huko Bukavu aliwahi kuona kijana akikabwa na rafiki yake mchezoni, akagonga, rafiki akachelewa kwa kujisifu, na yule kijana hakuamka tena. Tangu hapo Mawazo hakutaka kuachia kuwe jambo la kufikiri. "Mikono njo ijue," alikuwa akisema, yaani ndiyo ijue. "Isingoje kichwa. Kichwa ya mutu iko na kiburi."

Na mikono aliifundisha kweli. Vijana wake wakija kunywa chai kwangu, yeye alipita nyuma yao kimya kimya na kumgonga mmoja begani, pa-pa, na yule kijana aliachia chochote alichoshika. Chapati ilianguka, chai ikamwagika, kikombe kikapasuka. Mimi nilimtukana Mawazo mpaka nikachoka. Yeye alicheka, akaokota vigae, akaniambia, "Samehe, mama Sijaona. Huyu sasa amejua." Nikamwambia yeye na jujitsu yake wataniacha nikinywesha watu chai kwenye makopo ya rangi.

Mwalimu mwenye sifa mjini alikuwa mwingine, Melchior. Huyo alikuwa na ukumbi katikati ya mji, wenye vioo ukutani, medali kwenye kabati, na picha yake akiwa Ulaya amesimama kati ya Wazungu. Vijana wake walitembea kifua mbele hata wakienda kununua chumvi. Kwake kugonga kulikuwa aibu. Aliyegonga alichekwa, na aliyeachia upesi alichekwa zaidi. Watu walisema, yule ndiye mwalimu, anatoa wanaume. Chema chajiuza, kibaya chajitembeza, lakini miaka ile Bujumbura mambo yalikuwa yamegeuka, na kibaya ndicho kilichopangiwa foleni.

Kati ya waliohama kwa Mawazo kwenda kwa Melchior alikuwepo Audace. Alikuwa na kipaji, siwezi kumnyima hilo. Lakini siku moja alimpinda mkono mwenzake Jovithe, Jovithe akagonga, Audace akamtazama usoni, akaongeza kidogo. Mimi nikiwa mezani kwangu nje nilisikia kiwiko kikilia. Mawazo hakupiga kelele. Alikwenda akamshika Audace bega, akamwambia, "Mikono yako haisikie. Enda." Audace alicheka, akachukua viatu vyake, akaondoka, na juma lililofuata alikuwa kwa Melchior. Vita vilipopamba moto akajiunga na wale vijana waliokuwa wakiweka mawe barabarani na kuuliza watu vitambulisho. Usiniulize alikuwa kabila gani. Nimeona wauaji wa kila namna, na mama zao wote nimewauzia chai.

Consolate alihamia uani kwetu mwanzoni mwa mwaka wa tisini na nne. Alitoka Kinama na kichwa cha cherehani mgongoni, amekifunga kama mtoto, na mdogo wake Divin akibeba meza ya kukifungia. Wazazi wao walikuwa wameuawa huko milimani Oktoba ya mwaka uliotangulia, na kaka zao wawili pia. Walibaki wao tu. Divin alikuwa na miaka ishirini, mrefu, mpole, wa kuinama akipita mlangoni na kusamehewa kila kitu na mabibi wote wa uani. Alikuwa akisoma shule ya ufundi upande wa Kigobe, akaapa ataimaliza. Dada yake alimsihi aache. Alikataa. Siku zile kijana akienda shule, nyumbani wanamuaga kama anayekwenda Makka.

"Dada Sijaona," Consolate aliniambia asubuhi moja, mikono yake miwili imekumbatia kikombe, "shule hataacha. Basi nimutafutie mwalimu. Sitaki apigane. Nataka mutu akimushika, atoke. Ni hiyo tu. Nimebaki na huyu mumoja."

Nikamwambia walimu ni wawili, na maneno ya watu ayaache kwa watu, twende tukaone kwa macho. Tukajifunga vitenge vizuri tukaenda mjini.

Melchior alitupokea kwa adabu, kwa Kifaransa cha kunyooka. Alituketisha, akatuonyesha medali moja moja. Kisha mazoezi yakaanza. Kijana mmoja alimkaba mwenzake shingo kutoka nyuma, mwenzake akagonga. Melchior akainua kidole: bado. Akahesabu kwa sauti, taratibu, kama mtu anayepima kitambaa, na yule wa chini alikuwa akigonga, akigonga, macho yamemtoka. Alipoachiwa, suruali yake ilikuwa imelowa. Ukumbi mzima ukacheka, na yeye mwenyewe akajilazimisha kucheka.

Consolate alinishika mkono, tukatoka. Barabarani alisimama kivulini akavuta pumzi. "Mana yanje," akasema, yaani Mungu wangu. "Umeona macho yao? Hao wakimaliza kufundishwa, watamutafuta nani?"

Alasiri ileile tuliingia uwanja wa Mawazo. Alikuwa bado ana grisi masikioni. Consolate, ambaye alikuwa ametoka kuonyeshwa kabati zima la medali, akamuuliza yeye anazo ngapi.

"Medali? Apana, mama. Mi niko na jiabox ya Toyota, njo bintu niko nabyo."

Jiabox ni sanduku la gia; nilicheka mpaka nikaketi. Consolate hakucheka. Aliketi juu ya tairi akatazama mazoezi yote, kama anavyotazama mshono wa mtu mwingine. Aliona vijana wakikabana, akaona mmoja akigonga, na mikono ya mwenzake ikifunguka hapohapo, halafu mkono ukinyooshwa, aliyekuwa chini akainuka. Ikawa hivyo tena na tena, hakuna aliyehitaji kukumbushwa. Mwishoni akauliza swali moja tu, akimwita mwalimu kwa Kifaransa.

"Maître, na kama yule mwingine hajui kugonga? Kama ni mutu wa barabarani?"

Mawazo alifuta mikono. "Huyo atalala, mama. Ukisikia mwili imelegea, unamwachia, unakimbia. Haumungoje aamke."

"Hamuuwi?"

"Kama uliachia, hafi."

Consolate akafikiri. Kisha akasema, "Nitakuletea musaza wanje." Huyo musaza ndiye ndugu wa kiume wa mwanamke, kwa Kirundi. Na ninasema wazi, hata leo, kwamba kwa yale tuliyoyaona kwa macho, mwanamke yule alichagua kama mtu mwenye akili anavyochagua.

Divin alianguka mwezi wake mzima bila kunung'unika. Alivunja kikombe changu kimoja, akagongwa begani akiwa anameza, na kesho yake akaniletea kikombe cha bati akisema, "Hiki kitavumilia, mama." Baada ya mwaka, Mawazo alikuwa akimwita yeye kila alipotaka kuonyesha jambo. Alikuwa na mikono mirefu isiyo na haraka. Alimkaba mtu kama anayemfunga skafu, na ukigonga, mikono ile ilifunguka kabla sauti ya pigo la pili haijaisha. Mawazo hakuwa mtu wa kusifu, lakini nilimwona akimtazama, na uso wake ulikuwa wa baba.

Mjini mambo yalizidi kuwa mabaya. Zikaja zile siku walizoziita ville morte, siku ambazo vijana waliamuru mji ufe, maduka yafungwe, asiyekubali apigwe mawe. Majirani walihama usiku bila kuaga. Mitaroni kulikuwa na vitu ambavyo tuliwafunika watoto macho ili wasivione, na sisi wenyewe tukavitazama. Kila alasiri Consolate alisimamisha cherehani saa za Divin kurudi, akatoka mpaka kwenye meza yangu, akasimama bila kunywa chochote mpaka aone kile kichwa kirefu kikitokea mwisho wa barabara. Kilitokea. Kila siku kilitokea, hata nami nikaanza kuamini kwamba ukichagua vizuri, Mungu naye hukuheshimu.

Siku moja aliyetokea alikuwa Jovithe, yule wa kiwiko kilichopindwa, maana alisoma shule moja na Divin na walirudi pamoja. Alikuwa na matope mpaka kifuani. Alikuja akikimbia, akaishika meza yangu kwa mikono miwili, na chai ikamwagika. Consolate alikuwa amesimama palepale.

"Yuko wapi?" akamuuliza.

Mawazo akatoka chini ya lori.

Ilichukua muda kuyapata yote, na yote ni haya. Njia waliyoizoea ilikuwa imefungwa na wanajeshi, wakapita nyingine. Huko walikuta mawe barabarani na vijana wawili, mmoja na rungu, na wa pili alikuwa Audace, na kisu. Jovithe aliteleza akaangukia mtaroni, Divin akampigia kelele abaki hukohuko chini. Yule wa rungu alimjia Divin, Divin akamwangusha juu ya mawe yaleyale, naye yule wa rungu akainuka akachechemea akakimbia. Wakabaki wawili. Audace akaja na kisu, akakosa, na Divin akawa ameshapita nyuma yake, mkono uko shingoni, kisu kimeanguka. Jovithe aliona miguu ya Audace ikianza kulegea. Alijua, kama sisi sote tulivyojua, kwamba imebaki pumzi mbili tatu, kisha yule atalala na wao watakimbia nyumbani.

"Halafu aligonga," Jovithe akasema.

Hakuna aliyeelewa kwanza. Mawazo peke yake alielewa, nikaona akishika ubavu wa lori.

"Audace aligonga," Jovithe akasema tena, sasa analia. "Mara mbili. Pa-pa. Hapa, ku mukono. Na Divin akaachia. Alikuwa hataki, maître, niliona uso yake, uso yake ilikuwa haitaki. Mikono iliachia. Halafu akamupa mukono ainuke."

Audace akaushika mkono ule. Kwa mkono wake mwingine akaokota kisu.

Tulimzika kesho yake, kwa haraka, maana hata kuzika siku zile kulihitaji ruhusa na bahati. Mawazo alisimama mbali, upande wa makaburi ya watoto, hakuthubutu kusogea. Consolate hakumtazama.

Kisha yakaanza maneno. Mezani kwangu hukumu ilikuwa ikitolewa kila siku, kikombe baada ya kikombe. Adolphe mwenye gereji, mtu aliyewahi kujigamba kwa wageni kuwa ana dojo, uwanja wa jujitsu, uani, sasa alisema alikuwa na wasiwasi tangu mwanzo. Wengine walisema Mkongo yule amewafunga vijana wetu mikono ili wachinjwe. Wakasema Melchior amesema hajapoteza mwanafunzi hata mmoja. Hilo nililijibu. Nilimwambia aliyelileta: bila shaka hajapoteza, kwani Audace ni wake, na Audace mzima wa afya. Wema hauozi, walisema wahenga, na mimi sijui wahenga hao walikuwa wakikaa mtaa gani. Hasira ilinishika nikawafukuza wote mezani, wateja wangu mwenyewe.

Mawazo hakujitetea. Ungemuuliza, angejibu, "Njo vile nilimufundisha," na kurudi chini ya gari. Hakuvaa kimono. Turubai ilijaa majani na vinyesi vya kuku. Nilimpelekea chai, nikaikuta jioni imeota utando.

Halafu Jumamosi moja vijana walirudi wenyewe, wote, wakaifagia turubai, wakasimama mstari. Jovithe ndiye aliyewasemea. Nilikuwa nimeingia kudai birika langu, nikabaki.

"Maître, tunataka kusoma," akasema Jovithe. "Lakini si kama zamani. Sisi hatutaki kuachia tena. Utufundishe kumaliza."

Mawazo aliwatazama mmoja mmoja. Walikuwa watoto wa watu, wengine hata ndevu hazijatoka vizuri, na kila mmoja alikuwa na njia ya kupita kesho yake. Kisha akasema, "Sawa. Kuanzia leo hakuna kugonga."

Alilisema kwa sauti ya mtu anayesaini karatasi asiyoisoma. Ndipo nikaona vijana wakigeuza vichwa. Consolate alikuwa mlangoni, na kitenge cheusi. Hakuwa ameingia uwanja ule tangu siku ile ya tairi.

Alivua kandambili zake, akapanda juu ya turubai miguu mitupu, akaenda akasimama mbele ya Mawazo.

"Nionyeshe," akasema.

"Nikuonyeshe nini, mama?"

"Kile alichomufanyia. Nataka kujua kilikuwa namna gani. Nionyeshe kwa mwili wako."

Mawazo alipiga magoti, akampa mgongo. Akauchukua mkono wa kulia wa Consolate, akaupitisha chini ya kidevu chake mwenyewe, akaupanga kama alivyowapanga wengine mia. "Kiwiko iwe katikati," akamwambia, polepole. "Mukono ya pili nyuma ya kichwa. Kifua ku mugongo yangu. Sasa vuta."

Consolate akavuta. Alikuwa na mikono ya mtu aliyekata makoti na kukanyaga cherehani miaka kumi na tano, usidharau. Shingo ya Mawazo ikazama mkononi mwake. Uso ukajaa damu. Tulingoja kusikia viganja, maana sote tulikuwa tumezoea. Hatukusikia kitu.

"Gonga," Consolate akamwambia sikioni.

Mawazo hakugonga. Nikaona mkono wake wa kulia ukiinuka wenyewe kutoka pajani, kiganja wazi, ukielekea mkono wa Consolate kama ulivyozoea miaka yote. Akaukamata kwa mkono wa kushoto. Akaushusha, akaukandamiza pajani, akaushikilia hapo, nao ulikuwa ukipigapiga kama kuku.

"Gonga, Mawazo! Gonga nikuachie!"

Mimi nami nikapiga kelele. Jovithe alianza kukimbilia kwao, akasita, kwa sababu nadhani hakujua ni nani wa kumtoa. Macho ya Mawazo yaligeuka, yakabaki meupe. Mkono wake wa kushoto ukalegea, wa kulia ukateleza chini. Na bado hakuwa amegonga.

Consolate akaachia. Hakuna aliyemfundisha, hakuna aliyemgonga, aliachia tu, akarudi nyuma akaketi, na Mawazo akaanguka kifudifudi juu ya turubai. Tulimgeuza. Nilimmwagia maji ya birika. Alipokohoa na kufungua macho, wa kwanza kumfikia alikuwa Consolate, akampiga kofi, akampiga la pili, analia kwa hasira mpaka mate yanamtoka.

"Ulitaka mi ndiyo nikuhukumu? Nikunyonge hapa, yaishe, ulale vizuri? Oya, hapana! Sikupi hiyo. Mi silali, na we hutalala."

Mawazo alijishika shingo, akageuka kumtazama.

"Nilikuuliza siku ile," Consolate akaendelea, na sasa sauti ilikuwa imeshuka, na hiyo ndiyo iliyonitisha. "Nilikuuliza, na kama hajui kugonga? Ukanijibu vizuri. Mi ni mutu wa cherehani, ningejuaje kuuliza lingine? Lile lingine ulikuwa nalo we. Yule mutu ulimufundisha we mwenyewe. Ulimufukuza, ukamuacha aende na kile anachokijua juu ya watoto wako. We ndiye ungejiuliza: na kama anajua?"

Maneno yote niliyokuwa nimeyasikia mezani kwangu, ya wanaomsifu na ya wanaomlaani, hakuna lililokuwa limefika pale. Mawazo alifumba macho akaitikia kwa kichwa, mara moja.

Consolate akainuka. Alitafuta kandambili zake, akavaa moja, ya pili akaisukuma kwa mguu mpaka ikakaa sawa. Mawazo alikuwa amejiinua kwa kiwiko.

"Mama," akaita, sauti kama ya mzee. "Nibafundishe nini sasa? Wakiachia watauawa. Wakikatala kuachia, watakuwa kama yule. Niambie. Nibafundishe nini?"

Consolate aligeuka. Nilifikiri atamwonea huruma, na nilifikiri atamtukana, na labda na yeye alikuwa hajui lipi litatoka.

"Mi nijue wapi?" akasema. "Mwalimu ni we."

Akatoka, tukasikia kandambili zake zikienda mpaka kwenye kona. Mawazo alibaki ameketi katikati ya turubai, mikono yake iko mapajani, anaitazama. Vijana walikuwa wamesimama pembeni, juu ya matairi, wakimngoja aseme neno, na hakuna aliyekanyaga ndani.